Jina la Tabaka la Chini

Daftari hili ni la Octavian, chumba cha tatu, nyumba ya Mama Makrina, Nachingwea. Ukiliokota lirudishe bila kulisoma. Kama umeshalisoma, basi ujue kwamba palipo na mstari nilifuta mwenyewe kwa kalamu nyeusi. Sababu iko tarehe 20 Julai.

Jumatatu, 6 Mei

Naanza kuandika kwa sababu leo nimegundua kuwa tangu Ijumaa jioni sikuwa nimezungumza na binadamu yeyote. Nilipomsalimia Dastani ofisini, sauti ilitoka inakwaruza mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi, naye akachungulia dirishani, ambako mvua ilikuwa inanyesha.

Dastani ndiye mtunza stoo. Shirika letu dogo linapeleka dawa za kifafa na selimundu kwenye kliniki za vijijini: Chiola upande huu wa Nachingwea, Matambarale na Chinongwe kule Ruangwa. Kila mgonjwa hufungiwa pakiti yake yenye jina hapa stoo, Dastani akazipeleka kwa pikipiki siku ya kliniki. Orodha zote ziko kwenye madaftari. Mimi nimeajiriwa kuzitoa huko na kuziingiza kwenye mfumo.

Kwenye usaili nilisema nina uzoefu wa mifumo mikubwa. Uzoefu wenyewe ni tovuti moja ya harusi ya binamu yangu pale Muleba, na ndoa ile imeshavunjika. Kwa hiyo najifunza sasa, kwa video, na mwalimu ambaye hajui kama nipo.

Anasema mfumo wa kweli una matabaka matatu. Juu kuna skrini, anayoiona nesi. Katikati kuna kanuni: nani aruhusiwe nini, na nini kifuate nini. Chini kabisa kuna kanzidata, inayohifadhi kila kitu. Skrini haiongei na kanzidata moja kwa moja, lazima ipitie katikati. Nimechora hayo kwenye karatasi nikayabandika ukutani. Ndiyo picha pekee chumbani kwangu.

Alhamisi, 9 Mei

Chinongwe, siku ya kliniki. Huwa ni Alhamisi ya pili ya kila mwezi. Nilikwenda kuchukua daftari la Nesi Rozalia. Ni Mmwera wa hapa hapa, mnene, mcheshi, anajua kila mgonjwa na mbuzi wake.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayenipokonya daftari langu," akasema.

"Nalikopa tu, dada. Nitalirudisha."

"Wahaya hamkopi. Mnachukua halafu mnaeleza kwa Kiingereza."

Nilicheka sana, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Niliona haya baadaye.

Kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, Kiswahili chake cha kuokoteza, na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili anayeugua kifafa. Mtoto anaitwa ————. Alikuwa anatafuna muwa, akanipa kipande. Rozalia akampa bibi pakiti mbili badala ya moja, wakanong'onezana kwa Kimwera, kisha akachora ndoano ndogo pembeni ya jina la mtoto. Ndoano kama hizo ziko tano kwenye daftari. Nadhani ni alama ya vema.

Jumatatu, 13 Mei

Somo la leo: kila mtu kwenye kanzidata awe na kitu kimoja cha kumtambulisha, na kitu hicho kisibadilike maisha yake yote. Nimewaza asubuhi nzima. Watoto hawana kitambulisho cha taifa. Kadi za kliniki huliwa na mchwa. Simu ni za kuazima.

Nimechagua jina, pamoja na kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Jina halibadiliki.

Mwalimu anasema pia usihifadhi usichokihitaji. Nilikuwa nimetenga safu kwa ajili ya ndoano za Rozalia. Nimeifuta.

Jumanne, 21 Mei

Mvua imekatika. Nimekula ugali wa muhogo.

Ijumaa, 31 Mei

Huwezi kuujaribu mfumo bila mgonjwa, kwa hiyo nimejisajili mwenyewe. Mgonjwa namba moja: Octavian, Chinongwe, kifafa. Mungu anisamehe.

Nimetengeneza pia ujumbe wa kukumbusha, unaotumwa kwenye simu saa kumi jioni, siku moja kabla ya kliniki. Nimeuandika kwa uangalifu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Jumapili, 2 Juni

Mama amepiga. Ameuliza kama huku kuna ndizi. Nimemwambia zipo. Ameuliza kama nina marafiki. Nimemwambia wapo.

Jumatano, 12 Juni

Saa kumi kamili simu ikalia mfukoni. "Ndugu Octavian, kesho ni siku ya kliniki. Usikose. Tunakungoja."

Najua ni mimi niliyeandika. Hata hivyo nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Alhamisi, 20 Juni

Baridi ya asubuhi imeanza, wenyeji wamevaa makoti. Ufuta unauzwa kila kona na mji una haraka. Shule zimefungwa. Ukipita vijijini unasikia ngoma mchana, na Dastani anasema ni msimu wa unyago. Nikamuuliza wanafanya nini huko. Akasema, "Kaka, hata ningekuwa najua nisingekwambia."

Mahona, Msukuma anayeleta maziwa, naye ni mgeni kama mimi. Nilidhani tungeongea habari za Ziwa. Alisema samaki wa huku hawana ladha, akapokea chupa yake, akaondoka.

Jumatatu, 1 Julai

Nimepandisha mfumo hewani! Matabaka yote matatu, kila moja mahali pake. Chinongwe, Matambarale na Chiola zote zinaufungua kwenye kishikwambi. Orodha inatoka yenyewe stoo, Dastani anafunga pakiti kufuata orodha, nesi anagusa jina, mgonjwa anapewa. Nilipiga makofi peke yangu ofisini. Dastani akachungulia, akarudi stoo.

Mkurugenzi ameandika kutoka Dodoma: "Hongera." Ni neno moja, lakini nimelihifadhi.

Alhamisi, 11 Julai

Kliniki ya kwanza ya Chinongwe kwa mfumo. Rozalia yuko likizo Masasi kwa dada yake aliyejifungua. Nafasi yake imeshikwa na Nesi Agape, mgeni kutoka Moshi, mtu makini. Saa tano akanipigia.

"Kaka, kuna bibi hapa na mjukuu wake, mgonjwa wa kifafa. Anasema mtoto anaitwa Mwanabibi. Kwenye skrini hakuna Mwanabibi."

"Labda amesajiliwa kliniki nyingine."

"Anasema huja hapa hapa. Nimemuuliza kama mtoto hana jina lingine. Ameinama tu, hajibu."

"Kama hayumo, hayumo. Msajili upya, daktari atamthibitisha kliniki ijayo."

"Na dawa?"

"Mfumo hautoi dawa kwa ambaye hajathibitishwa. Ndiyo kanuni ya katikati."

"Haya. Na wengine wanne wako hivyo hivyo, majina hayamo. Halafu kuna pakiti zimebaki. Hii ya ———— nimeiita mara tatu kwa sauti, hakuna aliyeitika."

"Andika hakuja."

Kanuni imefanya kazi sawasawa. Agape alinishukuru kwa uvumilivu wangu. Ni simu ya kwanza ya wiki hii, na nimekuwa na furaha mchana kutwa.

Jumatatu, 15 Julai

Upepo. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Jumanne, 16 Julai

Dastani ameingia ofisini bila kubisha. Yule mtoto wa Chinongwe, Mwanabibi, alishikwa na kifafa Jumapili asubuhi mara nne mfululizo, akaangukia moto. Yuko hospitali. Mkono wa kulia umeungua.

Nilifungua mfumo nikaangalia orodha ya kliniki ya tarehe 11. Mistari ya chini: hakuja, hakuja, hakuja, hakuja, hakuja. Watano.

Jumatano, 17 Julai

Nimekwenda hospitali. Naandika haya kwa sababu sina wa kumwambia.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni pembeni ya kitanda, kwenye kanga. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba." Hakunijua. Sikujitambulisha. Nilikuwa nimebeba machungwa, nikawa nayahamisha kutoka mkono huu kwenda huu.

Mtoto aligeuza uso, na hapo nikamtambua. Ni yule aliyenipa muwa mwezi wa tano. Yumo! Yumo kwenye mfumo, tangu mwanzo, na pakiti yake ilikuwa kwenye boksi mezani mbele yao siku ile. Nilifurahi kama mjinga, nikasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia: "Kumbe huyu ni ————!"

Mama wa kitanda cha pili aliweka kikombe chini. Mtoto akageukia ukuta na kujifunika kanga mpaka kichwani, kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa bendeji. Bibi alisimama, akachukua machungwa yangu, akanirudishia.

Nilitoka nje. Sijui nimefanya nini, ila nimefanya jambo baya, na ni mara ya pili.

Jumamosi, 20 Julai

Rozalia amekatiza likizo. Amekuja moja kwa moja ofisini na mkoba wake wa safari, akaomba daftari lake. Akalifungua, akaweka kidole kwenye ndoano.

"Hii ulidhani ni nini?"

"Alama ya vema."

"Ya vema! Mgonjwa nimpe vema ya nini? Kaka Octavian, mbona hukuniuliza?"

Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa na mwalimu wa kwenye video, na nilikuwa nimezoea kutomuuliza mtu.

Akanieleza. Ndoano maana yake mwaka huu mtoto anaingia unyagoni. Ndiyo maana bibi alipewa pakiti mbili mwezi wa tano, za kuvuka msimu, na bibi mwenyewe alikuwa anampelekea mwali vidonge kila siku. Pakiti zikaisha mwanzoni mwa Julai. Na mtoto akitoka kule anatoka na jina jipya.

"Lile la utotoni wameliacha huko huko. Halitamkwi tena. Ukimwita nalo mbele za watu umemtukana yeye, na bibi yake, na somo wake aliyemfunda."

"Sasa bibi si angemnong'oneza Agape sikioni?"

"Agape aliliita mara tatu mbele ya umati. Bibi ameshatukanwa mara tatu, halafu anong'one nini? Yeye anajua mimi nikimwona tu nampa. Akangoja nitokee, sikutokea." Akafunga daftari. "Na mara ya nne nasikia ni wewe, wodini."

Nililia mbele yake. Sikujali. Alinipa kitambaa chake, kilichonukia vitunguu, akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Wale wanne wengine Dastani amewafikia na pikipiki, mmoja mmoja, pakiti mkononi. Wote wazima. Mwanabibi peke yake ndiye ambaye moto ulimwahi kabla yetu.

Baadaye, mchana huu huu, nimerudi nyuma kwenye daftari hili na kalamu nyeusi. Kila nilipoandika jina lile nimelifuta. Kwenye karatasi ni rahisi.

Jumatano, 24 Julai

Nimempigia Mkurugenzi nikamweleza kosa ni langu, la kwanza mpaka la mwisho. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema suluhisho ni dogo: ongeza kisanduku kwenye skrini, "Jina la zamani", nesi aulize, ajaze, yaishe.

Nikampelekea Rozalia wazo hilo kwa simu. Akasema, "Weka. Ila mwakani usishangae kliniki ikiwa tupu."

Nimemrudia Mkurugenzi nikamwambia hapana. Sijawahi kumwambia bosi hapana. Nimeomba mpaka Septemba. Amesema mwisho ni Septemba, vinginevyo tunarudi kwenye madaftari na mimi narudi kwetu. Mpaka hapo Rozalia atatumia daftari lake.

Alhamisi, 8 Agosti

Kliniki ya Chinongwe, kwa daftari. Nilikwenda niombe radhi. Bibi hakuja. Rozalia alichukua pakiti ya Mwanabibi akampelekea nyumbani kwa miguu, nami nikabaki nimekaa kwenye benchi la wagonjwa.

Aliporudi akasema, "Dawa amepokea. Kasema kliniki harudi. Atakuwa anazifuata kwangu gizani kama mwizi."

"Na ukihamishwa?"

"Ndiyo hapo sasa."

Ndiyo hapo. Rozalia anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na mtoto atakuwa na dawa maadamu tu Rozalia yuko Chinongwe. Sitaki tena cheti cha kozi ya video wala hongera ya Dodoma. Nataka yule bibi arudi kwenye lile benchi.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeanza upya kutoka chini. Kila mgonjwa ana namba, isiyo na maana yoyote, isiyotoka kwenye jina wala kijiji. Hiyo ndiyo haitabadilika. Jina ni kitu anachokivaa mtu, linaandikwa na tarehe lilipoanza.

Jumamosi, 17 Agosti

Moshi wa mashamba yanayosafishwa. Nguo zote zinanuka.

Jumatatu, 19 Agosti

Tatizo ni katikati. Nesi mgeni akiandika Mwanabibi, mfumo umpate bila kumuuliza mtu jina la zamani. Utamtafuta kwa jina la bibi aliyemleta, kitongoji, ugonjwa, na kipimo cha dawa. Kisha uulize swali moja tu: "Ametoka unyagoni?" Nesi akigusa ndiyo, jina jipya linapanda juu, la zamani linashuka. Kuanzia hapo halitoki tena, si kwenye skrini, si kwenye pakiti, si kwenye ujumbe wa simu. Kanzidata inabaki nalo kwa ajili ya historia ya dawa, na tabaka la katikati linakaa mlangoni.

Nimeukosea mara kumi na nne. Nimeuliza kwenye jukwaa la kozi jinsi ya kuficha jina ambalo mfumo unalijua. Mtu mmoja wa nchi ya mbali amejibu: "Kwa nini usilifute?" Nikaandika aya nne kumweleza. Hajajibu tena.

Jumapili, 25 Agosti

Mama amepiga. Ameuliza kama nina marafiki. Nimemwambia hapana, mama, bado. Akaniimbia wimbo wa kanisani kwenye simu, na salio likaisha kwenye ubeti wa mwisho.

Ijumaa, 30 Agosti

Rozalia amekuja kuujaribu. Amekaa kwenye kiti changu, akaniuliza maswali kama polisi.

"Jina la zamani liko wapi?"

"Chini kabisa."

"Agape analiona?"

"Haoni."

"Mkurugenzi?"

"Haoni."

"Na wewe?"

Mimi naliona. Mwenye funguo za kanzidata ni mimi. Nilimwambia ukweli.

Tumefanya hivi: neno la siri la tabaka la chini lina nusu mbili. Nusu ameiandika yeye, amegeuzia kibodi upande wake, na sikuchungulia. Bila sisi wawili hapafunguki. Mwalimu wa video hakufundisha hilo.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeupandisha hewani, na Rozalia ameshagusa ndiyo kwa wale watano wote. Sikupiga makofi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimesafisha data za majaribio, kama inavyotakiwa. Mgonjwa namba moja: Octavian, Chinongwe. Mfumo ukauliza, "Una uhakika?" Nimekaa mbele ya swali hilo zaidi ya inavyopasa. Nimegusa ndiyo.

Jumatano, 11 Septemba

Saa kumi jioni simu haikulia. Niliiweka mezani nikaitazama mpaka saa kumi na nusu. Wagonjwa wote wa Chinongwe wamekumbushwa. Mimi hakuna anayeningoja mahali popote, na leo nimelisema hilo kwa sauti chumbani, nijue linavyosikika.

Alhamisi, 12 Septemba

Nilifika Chinongwe saa mbili. Agape, tuliyemwomba arudi kwa kuwa hawafahamu wagonjwa kwa sura, alikuwa mezani na kishikwambi, na Rozalia nyuma yake, mikono kifuani. Tulikuwa tumekubaliana asiseme lolote.

Saa tatu, saa nne. Benchi likajaa, likapungua. Wale wanne walikuja, wakaitwa kwa majina yao, wakaitika, wakapewa. Bibi hakuwepo, ingawa Rozalia alishamwambia kwamba lile jina halitaitwa tena. Saa tano na nusu Agape akaanza kukusanya vitu vyake, nami nikaenda kusimama nyuma ya jengo nisionekane.

Ndipo nikasikia Agape anaita, "Mwanabibi!"

Nikarudi mbio. Walikuwa wameketi mwisho wa benchi, vumbi mpaka magotini. Mtoto alisimama mbele ya watu wote, akaitika "Abee," akaja akapokea pakiti kwa mkono wa kulia. Ngozi ya mkono ni nyekundu na vidole viwili havijanyooka vizuri. Kwenye pakiti kumeandikwa Mwanabibi. Alilisoma mwenyewe, polepole, kisha akampelekea bibi yake amwonyeshe, ingawa bibi hajui kusoma.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya bibi. Nikasema mimi ndiye niliyetengeneza mashine ile, na mimi ndiye niliyeropoka hospitalini, na kwamba ule mkono ni kosa langu. Rozalia alifasiri. Bibi alisikiliza akiwa anatazama kishikwambi, si mimi. Kisha akauliza, na Rozalia akageuka.

"Anauliza, hiyo mashine inalijua lile jina?"

Ningeweza kusema hailijui. Wanawake wote kwenye benchi walikuwa wanasikiliza.

"Inalijua, bibi," nikasema. "Lakini haisemi."

Rozalia akafasiri. Bibi akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, ili nisikie:

"Basi imefundwa."

Benchi zima likacheka. Bibi hakucheka. Aliniinua kwa kunishika kiwiko, akaongea na Rozalia kwa Kimwera, akachukua mkono mzima wa mjukuu wake wakaondoka.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Kasema mwezi ujao usikose. Tunakungoja."

Rozalia hajawahi kuuona ule ujumbe wangu wa majaribio, na bibi hasomi. Nimeandika tarehe hapa nisisahau: Alhamisi, 10 Oktoba.